Mahema yakichoka mlimani msiyachome moto, leteni huku vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji niongelee vifaa vya kambi, yaani mahema, slipingi begi (mifuko ya kulalia), magodoro ya kukunja, viti, meza na madumu, vile ambavyo makampuni ya utalii huku Kilimanjaro na Arusha yakiona vimechakaa yanavirundika stoo mpaka panya wanavimaliza, au mbaya zaidi yanavitia kiberiti. Mimi nimekuwa mpishi wa mlimani miaka mingi, wale tunaoitwa kwa utani stomaki enjinia, sasa nimestaafu niko zangu Kibosho kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichoniachia baba, nalima, nafuga, na vitu vingi navyotumia hapa nyumbani vilishafika Barafu, kambi ya kuanzia safari ya kileleni Kilimanjaro, vikarudi. Kwaiyo nachoongea nakijua.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Kampuni moja ambayo nimewahi kuifanyia kazi, jina nalihifadhi, msimu ulipoisha walitoa nje mahema na magodoro yote waliyoyaona ya zamani, wakamwagia mafuta ya taa nyuma ya godauni wakachoma. Nilipouliza kulikoni nikajibiwa bosi hataki kuona nembo yake inauzwa soko la mtumba la Memorial. Jamani, nembo si inakatwa na mkasi tu? Kitambaa cha hema ni naironi au poliesta, ukikichoma kinatoa moshi mweusi wenye harufu kali inayokaba koo, siku ile majirani walifunga madirisha mchana kweupe, na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wawili watatu waliokuwa pale wanaangalia, vijana ambao wenyewe wanalala nyumba inayovuja, hawakusema kitu maana msimu unaofuata wanataka kuitwa kazini. Mimi nimeshastaafu, siogopi kutoitwa, acha niseme kwa niaba yao.

Watu wa nje ya kazi hii hawajui kwanini hema la mlimani linastaafu mapema. Mgeni amelipa dola nyingi, akifika Barafu pale mita 4,673, upepo unavuma, saa tano usiku anaamshwa kwenda kileleni, alafu zipu inakwama hawezi kutoka, hapo kampuni imeshaharibikiwa maana akirudi kwao ataandika kila kitu. Au hema linavuja tone moja kwenye kona kule kambi ya Shira. Hiyo ndio kasoro ya kuliondoa hema kazini, kasoro ambayo wewe hapa kijijini wala huioni. Slipingi begi ndio kabisa, manyoya yakishajikusanya upande mmoja haifai tena kule juu, lakini hali ya hewa inapoa kama nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, sasa begi iliyoshindwa baridi ya Barafu ukiileta Kibosho mwezi wa saba, ule wa ukungu kutwa nzima, mtu analala humo anaamka ametoka jasho. Mama yangu mzazi anaitumia blanketi, imefunguliwa zipu yote imetandazwa, na mablanketi yake yale mazito ameyagawa.

Nianze na Desemba, maana kwa sisi Wachagga Desemba ndio mtihani wa nyumba. Ndugu wote wanarudi kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, na wengine wana familia kubwa, nyumba ya vyumba vitatu inatakiwa kulaza watu ambao hata kuwahesabu ni shida. Zamani ilikuwa watoto wanalala sebuleni kwenye mikeka wanapangwa vichwa na miguu, watu wazima wanalala kwa zamu, asubuhi kila mtu shingo inauma. Siku hizi nasimamisha mahema chini ya migomba pale palipo tambarare, natandika yale magodoro ya povu gumu chini, slipingi begi juu, na tochi ya kichwani moja kila hema. Ninavyokwambia watoto wa Dar wanagombania, mwaka juzi ilibidi tuweke utaratibu wa zamu, na kuna shemeji yangu mmoja, mtu mzima ana cheo serikalini, aliingia hema la wawili siku ya kwanza kwa kuona aibu aibu, akalala humo mpaka tarehe mbili Januari, anasema Dar ana kiyoyozi lakini usingizi wa aina ile hana.

Na kile kihema kirefu chembamba cha choo cha mlimani, usikidharau. Kwangu Desemba ndio bafu la nje, unakisimamisha karibu na mfereji, chini unaweka kokoto na kipande cha mbao, ndoo ya maji moto, zipu unafunga, hakuna mtu anakuona. Choo chenyewe cha kubebeka, kile cha plastiki chenye matenki mawili na pampu ya kusukuma maji, kiko chumbani kwa mama. Choo chetu kiko nje, hatua nyingi kidogo kutoka mlangoni, masika njia inateleza, na mtu wa umri wake kutoka usiku ni kutafuta kuvunjika nyonga. Sasa anainuka kitandani anajisaidia palepale, asubuhi natenganisha tenki la chini namwaga chooni, naosha kwa sabuni, narudisha. Kila nikikiona nakumbuka jinsi vijana walivyokuwa wanaona haya kukibeba mlimani na wenzao wanawacheka, kumbe ndio kifaa cha maana kuliko vyote. Mwenye mzazi mzee kijijini atanielewa.

Kwenye misiba pia. Mhariri wewe unajua kukodi maturubai na viti siku hizi ni bei gani, familia inalia na huku inachangishana ya turubai. Hapa kitongojini kwetu tuna hema moja kubwa la mesi, lile wageni wanalolia chakula, la zamani kabisa, limewekwa viraka viwili, linakaa kwangu na akipata mtu msiba linachukuliwa bure, vijana wanalisimamisha haraka haraka maana nusu yao ni wagumu, wameshazoea kulisimamisha kwenye mvua ya mawe. Haliwezi kufunika watu wote lakini linafunika wazee na wapishi, mvua ikishuka chakula kinasalimika. Meza za kukunja nazo zinakwenda, na yale masufuria makubwa.

Sasa nije kwenye jiko, hapa naomba univumilie maana ndio fani yangu. Mlimani hatupiki maharage makavu, wageni huwa wanashangaa lakini sababu ni rahisi, maji kule Barafu yanachemka kwenye nyuzi kama 85 tu, utachochea moto mpaka gesi iishe na maharage bado yanagonga meno, labda uwe na presha kuka. Nyumbani maharage ni kila siku, bila maharage hakuna kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, na maharage ndio yanayomaliza gesi ya watu. Dawa yake ni slipingi begi iliyochanika, ile ambayo hata mtumba hawaitaki. Chukua tenga kubwa, ingiza begi ndani uizungushe iwe kiota, chini weka kipande cha godoro la povu na juu yake taulo zito, hii ni lazima kwasababu sufuria ya moto ikigusa naironi moja kwa moja inaiyeyusha na kitambaa kinaganda kwenye sufuria. Maharage yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, bandika, yakichemka yaache yatokote kweli kweli dakika 15 hadi 20, usiibie hapo, maana maharage hasa yale mekundu yana sumu inayouma tumbo na dawa yake ni kuchemka kwa nguvu dakika zisizopungua 10. Alafu epua na mfuniko wake haraka, zungushia taulo, tia kwenye kiota, funika na begi iliyobaki juu, kandamiza na mto au kitu chochote kizito kidogo, nenda zako shamba.

Ukirudi mchana unafunua unakuta maharage yameiva na mchuzi wake bado moto wa kuunguza ulimi. Unayarudisha jikoni yachemke tena kidogo, unaunga, basi. Angalizo moja, sufuria iwe imejaa au karibu kujaa, ukiweka vikombe viwili vya maharage kwenye sufuria kubwa joto linapotea na utakuja kunilaumu mimi. Makande yanaenda hivyo hivyo, mtori pia unakaa humo na moto wake mpaka wa kwenye majani warudi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hapa kwangu unakaa mpaka jirani ananiuliza kama nachaji kwa umeme. Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, wanataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi mwaka huo wa 2034, ni jambo jema na sisi wa mlimani tulishatangulia maana ndani ya hifadhi kuni haziruhusiwi, tunapika kwa gesi. Lakini mtu wa kijijini ukimpa mtungi bila kumwonyesha namna ya kuupunguzia kazi, ukiisha anarudi kwenye kuni zake, na tenga lenye begi bovu lingemsaidia kuliko semina.

Shambani sasa. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa inaanikwa kwenye vichanja, na kila mkulima anajua haitakiwi ipigwe na jua la saa saba mpaka ganda lipasuke, na usiku au mvua ikitishia inafunikwa. Lile koti la nje la hema ndio kazi yake hiyo, jepesi, mtoto analivuta peke yake, lina vitanzi vya kufungia kamba tayari. Mvua nayo inakingwa, hesabu ni nyepesi, milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, sasa koti la mita za mraba 12 lililofungwa kwa kuinamia upande mmoja, mvua ya milimita 20 inakupa lita kama 240, pipa moja linajaa na la pili linaanza. Ila maji hayo ni ya ng'ombe na kufulia na kumwagilia, sio ya kunywa, kitambaa kile kimepakwa madawa na kwenye hema kuukuu yanabanduka. Neti ya ndani inafunika kitalu cha kabichi na sukuma wiki vipepeo wasitage, ukitumia zile nguzo za aluminiamu kuwa matao unapata nyumba ndogo ya miche na hujatoa hata mia. Na fimbo za kutembelea wanazoacha wageni, ukija kanisani kwetu Jumapili ya masika utaona bibi na babu wanashuka kwenye utelezi na fimbo mbili mbili, wa mjini wakija wanapiga picha wanacheka, lakini hakuna anaeanguka.

Tochi ya kichwani sina haja ya kuisifia sana, umeme ukikata usiku na ng'ombe anazaa utaijua thamani yake, mikono yote miwili iko huru. Toa betri kama huitumii, zikivuja zinaharibu kila kitu.

Kuna mambo ya kuangalia ukitaka kununua, maana Memorial na Kiboriloni vitu vipo lakini na matapeli wapo. Jua la mlimani ni kali kuliko mnavyofikiri, kitambaa kilichokaa juani misimu mingi kinakufa bila dalili, kwa macho kizima, ukikivuta kinachanika kama gazeti. Kwaiyo usiangalie rangi, shika sehemu ya juu kabisa ya koti la nje, pale panapopigwa na jua, weka vidole gumba viwili uvute kwa nguvu mbele ya muuzaji, akikukataza ondoka. Alafu nusa. Hema lililofungwa likiwa limelowa likakaa hivyo stoo, ile rangi ya plastiki iliyopakwa kwa ndani inaoza, inakuwa ya kunata na ina harufu ya matapishi, sitanii, na ikifika hapo haitengenezeki kwa gharama ya maana, hilo chukua la kufunikia majani ya ng'ombe tu na bei yake iwe ya kufunikia majani.

Zipu ndio watu wanadanganywa sana. Muuzaji atakwambia zipu imekufa ndio maana rahisi, au ukipeleka kwa fundi atakwambia tubadilishe yote, wakati mara nyingi meno ya zipu ni mazima kabisa, kilicholegea ni kile kichwa kinachokimbia. Chukua koleo, kikamue kichwa pembeni kidogo sana, upande mmoja alafu wa pili, jaribu kufunga, kama bado kamua tena kidogo, ukikamua kwa hasira kinapasuka. Kabla ya hapo toa vumbi kwa mswaki mkavu, na ukimaliza sugua meno na mshumaa. Wagumu wote wanaijua hii, tumeitengeneza kule juu kwa vidole vya ganzi.

Slipingi begi ya manyoya usiifue na sabuni kali ya unga na usiikamue kwa kuisokota, loweka kwenye beseni kubwa, kanyaga kanyaga taratibu na sabuni laini, suuza mpaka povu liishe, uibebe kwa mikono yote maana ikilowa ni nzito na mishono inakatika, itandaze kwenye kichanja. Itachukua siku kadhaa kukauka na kila ukipita pale unafikicha mabonge kwa vidole. Ile isiyo ya manyoya ni rahisi zaidi, kwa huku kwetu kwenye unyevu mimi naipenda hiyo hata kama wageni wanaiona ya hali ya chini. Usiihifadhi imekandamizwa kwenye kifuko chake, itundike.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni hata kama gazeti halitaziandika, usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, wala ya gesi, wala kwa dakika tano za kuota, hata kama ni Julai na mtoto analia baridi. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, hema limefungwa, watu wanalala hawaamki. Mlimani wapishi wanaambiwa hili mpaka wanachoka kulisikia. Na vile vikopo vidogo vya gesi vya wageni vikiisha vimeisha, kuna vijana wanajaribu kuvijaza upya kienyeji, hiyo ni bomu.

Sasa kuna watakaosema huyu mzee anasifia umaskini, anataka tulale kwenye mahema. Hapana, nyumba ninayo, ya tofali, na mama watoto aliniambia mapema kabisa kwamba sebuleni kwake hataki kuona kiti cha kambi, hataki nyumba yake ifanane na Barafu, tukakubaliana vitu vyangu mwisho wake ni barazani na mimi nimeheshimu. Ninachosema ni kwamba maisha ya kijijini yana raha yake na raha hiyo inataka vifaa vichache tu, na vifaa vyenyewe vinachomwa moto hapo Moshi mjini. Watu wameaminishwa kurudi kijijini ni kushindwa maisha, kijana akirudi wanamuuliza imekuaje, pole. Pole ya nini? Mimi asubuhi saa kumi na mbili na nusu niko kwenye kiti changu cha kukunja chini ya mparachichi, chupa ya chai pembeni, Kibo, kilele kile kikubwa cha Kilimanjaro, iko wazi yote mpaka barafu inaonekana inavyong'aa, ikifika saa nne imeshajifunika mawingu na mimi nimeshamaliza kukata majani. Kuna wageni wanatoka Ujerumani wanalipia kuiona vile, na wengine wanapanda mpaka Uhuru mita 5,895 wanakuta ukungu, hawaoni kitu.

Na mvua ikinyesha ndio nafunga koti la hema kati ya mparachichi na nguzo ya banda, nakaa chini yake na wajukuu, tunachoma mahindi kwenye jiko lililo nje upande wa wazi, tunasikiliza redio. Wajukuu wanaoletwa likizo siku ya kwanza wanaulizia waifai, siku ya tatu wanaulizia kamba na vigingi wajisimamishie kambi yao kule karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji, nawaacha, nawafundisha tu hema usilielekeze mlango kwenye upepo na usilisimamishe kwenye bonde hata kama pamekauka. Mmoja wao wa darasa la tano anaweza kusimamisha hema la watu wawili gizani na tochi mdomoni, sijui kama shuleni kuna somo la hivyo, skauti walikuwa wanafundishwa zamani.

Kwa hiyo ombi langu kwa makampuni, makubwa na madogo, na kwa chama chao kama wanakaa vikao. Aprili na Mei mlima unakuwa na watu wachache sababu ya masika, ndio wakati mnahesabu vifaa. Wekeni siku moja, tangazeni, uzeni vifaa vilivyochoka kwa bei ya maelewano, na wa kwanza kuchagua wawe wagumu na wapishi waliovibeba. Mgumu amebeba hema lile misimu mingi, mzigo wake kwa kanuni za hifadhi hautakiwi kuzidi kilo 20, amelibeba juani na kwenye theluji, si haki lichomwe mbele yake. Mkiogopa nembo kateni, au pulizieni rangi ya kopo juu yake, kopo moja linatosha mahema mengi. Ambavyo havikuuzwa wapeni shule zenye skauti, au vituo vya afya vyenye foleni nje juani. Pale Moshi wapo KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ambao miaka mingi wanaazima wagumu nguo za baridi bure, kwaiyo mtu asiniambie kugawa vifaa hakuwezekani, watu wanafanya. Na kama mmeshindwa yote hayo angalau pigeni simu kwa viongozi wa vitongoji vya huku juu, tutakuja na toroli wenyewe.

Kwa wasomaji wenzangu, hasa wa Moshi na Arusha, mimi nina swali. Natafuta fundi cherehani anaeweza kushona zipu ndefu ya mlango wa hema la mesi, ile nene ya meno makubwa, niliyempata hapa mwanzo cherehani yake inakataa kitambaa kikishakunjwa mara tatu. Kama unamjua fundi wa maturubai ya malori au wa viti vya magari ambae anaifanya kazi hiyo vizuri na bei si ya kitalii, naomba utaje soko analopatikana kupitia ukurasa huu huu, maana lile hema letu la msiba mlango wake tunaufunga kwa pini za nguo na masika hayako mbali.

Ni mimi,
Mpishi mstaafu wa mlimani,
Kibosho, Kilimanjaro.